Kadi Zilizokwenda Msikitini

Mtu wa kwanza kuniita Papa maishani mwangu alikuwa Mkongo mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, na wivu ulinianza siku hiyo hiyo.

Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa maktaba napaka gundi mgongo wa kamusi, Madam Aber akaja naye. Madam Aber ndiye mwalimu mkuu wetu, mwanamke wa Kiacholi, mrefu, hana maneno mengi. Shule yetu iko chini ya kilima cha Nsambya, upande wa nyumba za reli.

"Mzee Uthman," akasema, "huyu ni Mwalimu Katembo. Ametoka Butembo, ana miaka minne hapa Kampala. Tumempa kazi ya kufungua chumba cha kazi na vyuo humu ndani ya maktaba. Utamsaidia."

"Chumba cha nini?"

"Cha kazi na vyuo. Mtoto akimaliza shule ajue aende wapi, asomee nini, chuo gani kinataka alama gani. Shule kubwa zote wanacho."

"Jambo, Papa," yule mtu akasema, akainama kidogo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Kalamu zenyewe moja nyekundu, moja ya buluu, moja nyeusi, zimepangwa kama askari.

Nikajibu jambo. Lakini moyoni nikasema: mtoto akimaliza ajue aende wapi? Na mimi miaka tisa hapa nafanya nini?

Niseme nilivyofika pale. Mimi ni Mnubi wa Bombo, baba yangu askari na babu yangu askari. Shule nimeisoma vipande vipande. Miaka mitatu ya kambini, miwili ya chuo cha Kurani, mmoja Nairobi kwa mjomba, halafu barabara. Nilikuwa taniboi wa malori. Nimelala Juba, nimelala Kisangani, nimelala Kigoma nikisubiri meli wiki tatu. Sikukaa mahali miaka miwili bila miguu kuwasha. Kilichonifunga Kampala ni Shamirah, mtoto wa binti yangu Zubaida. Zubaida alikwenda Arabuni kufanya kazi za ndani, akaniachia mtoto ana miaka saba. Nikapata kazi ya kufagia pale shuleni. Maktaba ilikuwa imefungwa, ina popo. Niliisafisha mwenyewe, bila kutumwa. Madam Aber alipoona, akanipa ufunguo, nikautia kamba, nikauvaa shingoni. Tangu hapo hakuna aliyefungua ule mlango isipokuwa mimi.

Na watoto walikuwa wananiuliza mimi. "Mzee, fundi wa friji anasomea wapi?" "Mzee, ni kweli mpakani kuna kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani?" Mimi nimepita huko kote. Nilikuwa nawaambia kazi ile inanuka nini, inaumiza kiungo gani, bosi anatukana kwa lugha ipi.

Halafu nilikuwa na kadi.

Maktaba ile ina kabati la zamani la mbao, lenye droo nne ndefu za kadi za vitabu. Kadi za vitabu zilishaliwa na panya. Droo ya tatu nikaifanya yangu. Kila mtoto aliyemaliza, nikikutana naye soko la Owino au Katwe au akija kutusalimia, nilimwandikia kadi. Yuko wapi, anafanya nini, alipitia chuo gani, simu yake, na tabia yake. Zilifika mia tatu na kumi na mbili. Niliziandika kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu hizo ndizo mkono wangu ulijifunza kwanza pale chuoni Bombo. Za Kizungu nasoma sawa, kuandika ndio napiga mwendo wa konokono. Shuleni hakuna mtu aliyeweza kuzisoma. Na niseme kweli, nilipenda hivyo.

Basi Katembo akaanza kazi. Alisogeza meza zangu. Akaleta kompyuta mbili za mitumba, moja inapiga kelele kama kinu. Akazunguka kwa miguu vyuo vyote vya mji, akarudi na mabunda ya vipeperushi na fomu. Akatengeneza majalada, la kijani vyuo vya afya, la njano ufundi, la buluu ualimu. Ukutani akabandika karatasi kubwa yenye tarehe za mwisho za maombi, na kila asubuhi alikata kwa wino mwekundu tarehe iliyopita. Mlangoni, juu ya kiti changu hasa, akapigilia kibao: CHUMBA CHA KAZI NA VYUO.

Watoto walimiminika. Mapumziko ya saa nne, ambayo zamani walikuja kwangu watatu wanne, sasa wanajaa ndani thelathini, na mimi nakaa mlangoni na gundi yangu wakinipita. "Samahani mzee, pisha kidogo." Pisha kidogo! Katika maktaba yangu!

Nilimwangalia kila siku nikitafuta kosa. Sikupata. Mtoto mjinga kuliko wote akiuliza swali, Katembo anavuta kiti, anakaa, anasikiliza mpaka mwisho. Mimi nina tabia ya kumkata mtu. Yeye hamkati. Hilo nalo liliniudhi. Kwa wiki saba sikulitamka jina lake. Nyumbani nilisema "yule" au "huyo mtu wenu wa makaratasi."

"Ana jina, Jajja," Shamirah aliniambia. Jajja ndivyo watoto wa Kampala wanavyomwita babu, hata Wanubi.

Shamirah yuko kidato cha nne. Alikuwa kila mapumziko kule ndani, na jioni tukila posho, yaani ugali, na maharage, jina ni hilo hilo. Mwalimu Katembo amesema hivi, Mwalimu Katembo amesema vile.

"Amesema yule mtu anayepiga picha za eksrei hospitali anaitwa radiografa," akasema jioni moja. "Amenionyesha masomo yake. Nikipata fizikia na baiolojia vizuri naweza."

"Mimi sijui hilo?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Akaacha kutafuna. "Nilikuuliza mwaka jana, Jajja. Siku niliyovunjika mkono, tulipotoka hospitali. Nilikuuliza yule dada wa mashine amesomea wapi. Ulisema niache ndoto za mashine, niende kujifunza cherehani."

Ni kweli nilisema. Siku hiyo nilikuwa na njaa na mguu unauma. Lakini tazama ninavyokueleza sasa: wakati ule ule anauliza, katika droo ya tatu kulikuwa na kadi ya Adyero. Adyero alimaliza kwetu, akasomea eksrei miaka mitatu, anafanya kazi kwenye kliniki moja. Aliniandikia simu yake kwa mkono wake, akasema, "Mzee, ukipata msichana anayeitaka kazi hii, mlete, nitamwonyesha kila kitu." Ningeweza kusema jioni ile, hapo tulipokuwa tunakula. Mdomo ulifunguka. Halafu nikawaza, nikimwambia sasa, kesho atakimbia kwa yule kumpelekea, na kadi yangu itaingia jalada la kijani, na itakuwa yake.

Nikala maharage.

Nilikuwa na mpango, unaona. Madam Aber alikuwa ametangaza siku ya ufunguzi, Alhamisi, wazazi wote waje. Nikajisemea: nitasubiri siku hiyo. Yule ataonyesha makaratasi yake, watu watapiga makofi. Halafu mimi nitasimama, nitavuta droo ya tatu, niseme, wazazi, tajeni kazi yoyote. Nitatoa mtu mzima, na jina, na simu. Karatasi hata mimi naokota barabarani. Watu nilikuwa nao mimi peke yangu. Na Shamirah atakuwa amekaa mbele, na kadi ya kwanza nitakayosoma ni ya Adyero.

Wiki mbili kabla, Katembo akawa anapima kabati kwa utepe wa fundi. Akavuta droo ya tatu.

"Papa Uthman, hii makadi ni ya nini?"

Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja. "Hayo ni maandiko ya dini yangu. Mtu hayagusi bila udhu."

Akarudisha mkono kama aliyeshika pasi ya moto. "Unisamehe, Papa. Kwa kweli sikujua." Akaifunga droo polepole kwa mikono miwili.

Nilipaswa kuona aibu. Sikuona. Nilifurahi siku nzima, nikanunua hata rolex, ile chapati ya kukunja, yenye mayai matatu.

Jumatatu ya wiki ya ufunguzi, binamu yangu Hamim akafa Bombo. Nikaacha ufunguo kwa Madam Aber, nikaenda kuzika. Saa nne simu ikalia. Nikatazama jina, nilikuwa nimemwandika "Mkongo". Nikaiacha ilie. Saa sita ikalia tena, nikaiacha. Jumanne ikalia, nikaizima kabisa. Shangazi mmoja akaniuliza, "Nani anakutafuta hivyo?" Nikasema, "Hakuna mtu."

Alhamisi nilirudi mchana, nikapitiliza moja kwa moja shuleni na kanzu yangu ya msiba. Maktaba ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Wazazi kwenye mabenchi, kidato cha nne na cha sita wamesimama nyuma, utepe mwekundu umeshakatwa. Shamirah yuko mbele, kama nilivyotaka. Katembo alikuwa anazungumza, shati lile lile lenye makali, anaonyesha jalada moja moja. Walimpigia makofi. Nikasema moyoni, pigeni, pigeni.

Mama mmoja, muuza nguo wa Owino kwa sauti yake, akasimama. "Mwalimu, karatasi nzuri sana, bambi. Lakini kuna mtu aliyepita hapa akafika huko? Mtoto wangu ni kichwa kigumu. Karatasi haiamini. Ataamini akiona mtu."

Katembo akakuna kidevu. "Mama, umesema kweli. Makaratasi tunayo. Watu njo bado hatuna. Tutawatafuta."

Mungu mwenyewe hangenipangia vizuri kuliko hapo. Nikasimama.

"Watu wapo," nikasema.

Wote wakageuka. Nikapita katikati ya mabenchi, pole pole, nikiwapa muda wa kunitazama. Nikafika kwenye kabati. Limepakwa vanishi, linang'aa. Nikashika droo ya tatu, nikaivuta kwa nguvu ya mtu anayejua uzito wake, nikakaribia kuanguka chali. Ilikuwa nyepesi. Ndani mna fomu za vyuo vya ufundi, zimepangwa safi.

"Kadi zangu ziko wapi?"

Uso wa Katembo uling'aa, huo ndio ubaya wake. Aling'aa kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. "Papa, zile za dini? Ziko mahali pazuri. Madam alisema droo zote nne ziachwe wazi. Nilikupigia simu mara tatu nikuulize. Na zilikuwa na unyevu, zingine panya wamekula pembeni. Basi nikaenda msikitini pale juu ya reli, nikauliza, maandiko ya mzee wetu yamechakaa, watu wa dini yenu mnafanya namna gani? Mzee Wahabi anayetunza pale akasema hayatupwi. Yanachomwa kwa heshima, jivu linazikwa. Nikanunua kitambaa cheupe. Mzee Wahabi alikuja mwenyewe, na udhu wake, akazifunga. Mimi sikugusa, Papa. Hata moja."

Watu wakanong'ona kwa kupendezwa. Mzazi mmoja mwenye kofia ya kufuma akasema, "Mashallah, Mkristo huyu ana adabu."

"Zinachomwa lini?" nikauliza.

"Leo. Baada ya adhuhuri."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu.

Madam Aber alinitazama vizuri. Yule mama haachi kitu kipite. "Mzee Uthman, ulisema watu wapo. Zile kadi zilikuwa maandiko ya dini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Katembo angebaki na adabu yake, mimi na heshima yangu, na wazazi wangerudi kwenye soda. Nikamwona Shamirah. Alikuwa amekunja kipaji cha uso, ananitazama mikono.

"Hapana, Madam," nikasema. "Ni watoto. Ni watoto wa shule hii, waliomaliza, mia tatu na kumi na mbili, na simu zao. Nilimdanganya."

Sikungoja kusikia chumba kinasema nini. Nikatoka mbio, kama mzee wa miaka sabini na moja anavyoweza kutoka mbio na kanzu. Getini nikasimamisha boda, na kabla sijakaa vizuri mtu akaruka nyuma yangu. Katembo. "Twende, twende!" akamwambia dereva, akanishika kiuno. Tulipanda ule mlima watatu kwenye pikipiki moja, mimi katikati kama nyama ndani ya mkate, kalamu zake zinanichoma mgongoni.

Nyuma ya msikiti kulikuwa na pipa linatoa moshi. Pembeni amekaa Wahabi, mtunza msikiti, Mnubi mwenzangu, tuliwahi kupanda malori pamoja. Ana fimbo mkononi, miwani puani, na kitambaa cheupe kimefunguliwa magotini. Alikuwa anacheka peke yake mpaka mabega yanatikisika.

"Uthman, wewe!" akaita. "Hii ni dua gani hii? Sikiliza. 'Oyet, miguu mirefu, anashona viti vya gari Katwe, fundi hasa, lakini akisema njoo kesho usimwamini.'" Akajifuta machozi. "Mimi nimetia udhu kwa ajili ya Oyet!"

"Umechoma ngapi?"

Akaacha kucheka. "Mafungu mawili. Sikuwa na miwani, nikaona herufi, nikasema bismillahi nikachoma. La tatu ndio nikasema ngoja nione ni sura gani." Akanitazama, akamtazama Katembo. "Sasa wewe kijana, si uliniambia ni maandiko ya dini?"

Nilifungua mdomo. Katembo akanitangulia. "Kosa ni yangu, mzee. Sikuuliza vizuri."

Nikwambie, hapo ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku zote. Hata lawama alitaka kuninyang'anya! Lawama ilikuwa yangu, nimeitengeneza kwa mikono yangu, na yeye anaichukua hivi hivi, kwa sauti ndogo, na mvuke wa jasho kwenye kola.

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Wahabi, nilimwambia uongo. Nilitaka asizione."

"Kwa nini?"

Wahabi alinijua tangu Juba. Akatikisa kichwa, akafunga kitambaa, akanipa mikononi. Nilipiga magoti kwenye kile kitambaa, nikatafuta. Nilitafuta kadi moja. Nikapitia zote, nikarudia. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa ya waliomaliza miaka ya mwanzo. Adyero alikuwa humo.

Jioni ile Shamirah alipika. Alipoweka sahani akauliza tu, "Jajja, ulikuwa naye tangu lini? Huyo wa eksrei."

"Nani alikwambia?"

"Mwalimu Katembo alikusikia unalitaja jina pale msikitini. Unatafuta kadi unasema Adyero wa eksrei, Adyero wa eksrei. Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Kwa hiyo nilipovunjika mkono alikuwamo."

"Alikuwamo."

Akachukua sahani yake, akaenda kulia chakula nje, kwenye ngazi. Siku ya pili hivyo hivyo. Zubaida alipopiga simu kutoka Arabuni, mtoto alizungumza naye vizuri, akacheka, akanipa simu bila kunitazama.

Madam Aber hakunifukuza, na ufunguo alinirudishia. Aliniita ofisini, akasema maneno mawili. Moja, droo za kadi hazifungwi tena. Pili, nitakaa na Mwalimu Katembo kila siku saa nane, mimi nisome, yeye aandike, mpaka ziishe.

Basi tukakaa. Mimi nasoma kadi kwa herufi zangu, yeye anaandika kwa zake, kwa kalamu tatu: nyeusi jina, buluu kazi, nyekundu chuo. Mwandiko wake mzuri, nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Alikuwa anacheka mahali pa kucheka. "Papa, hapa umeandika nini, 'huyu atakuwa tajiri au atafungwa'?" "Ndiyo." "Na imekuwa nini?" "Vyote viwili." Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Watoto walisogea kusikiliza. Wakaanza kuniuliza maswali tena, lakini sasa wakiniuliza wanamtazama na yeye, kuona kama anakubali. Hilo linaniuma mpaka leo. Ukitaka nikudanganye kwamba limeniisha, nimeshaacha kudanganya.

Siku ya nne akafungua karatasi mpya. "Sasa wale waliochomwa. Papa, unakumbuka wangapi?"

Nikafumba macho. Simu sikumbuki hata moja, kichwa changu hakishiki namba. Lakini njia nashika. Kila mtoto namkumbuka kwa mahali nilipomwacha: huyu nyuma ya mashine ya kusaga, yule ghorofa yenye ngazi ya nje. Nikataja arobaini na moja. Akaandika wote. Alipofika kwa Adyero akaacha nafasi, akauliza, "Huyu?"

"Kasubi. Ukipita makaburi ya wafalme, kuna banda la mbao, kliniki iko juu yake kidogo. Ilikuwa ina rangi ya kijani. Miaka mitatu sasa, anaweza kuwa amehama."

Akatoa karatasi nyingine, akaandika kwa kalamu ya buluu, muda mrefu, akaikunja, akanipa. "Jumamosi mimi niko na wazazi wa kidato cha sita. Wewe unajua kutembea, Papa. Nenda na Shamirah. Haya ni maulizo yake, aliniomba nimsaidie kuyapanga."

Alimwomba yeye. Niliitia ile karatasi mfukoni, nikahisi inawaka.

Jumamosi asubuhi nikavaa viatu. "Naenda Kasubi," nikasema mlangoni, kama ninayeuambia mlango. Shamirah alikuwa anafua. Akakausha mikono, akavaa hijabu yake ya shule, akanifuata. Tulitembea yeye nyuma hatua mbili, njia nzima. Mtu angetuona angesema hatujuani.

Banda la mbao lilikuwepo. Kliniki ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, nikaipita mara mbili. Mchoma chapati mmoja akanionyesha. "Dada wa picha? Si huyo hapo dirishani, ssebo."

Adyero alinitambua kabla sijamtambua. Amenenepa, ana koti jeupe na kibati cha jina. "Mzee Uthman! Wewe bado uko hai? Mimi nilisema umerudi kwenye malori yako." Akanishika mikono yote miwili, akamtazama Shamirah, akanitazama mimi. "Nani amekutuma mpaka huku?"

Nilikuwa nimetembea saa mbili kwa miguu yangu. Njia nilijua mimi. Kadi ilikuwa yangu. Jibu la kweli lingeweza kuwa, hakuna mtu, nimekuja mwenyewe, na lisingekuwa uongo kabisa. Nilimsikia Shamirah nyuma yangu anavuta pumzi, anangoja.

"Mwalimu Katembo," nikasema.

"Simjui."

"Utamjua."

Shamirah akapiga zile hatua mbili, akasimama sawa na mimi, akanyoosha mkono. Nikatoa karatasi mfukoni, imelowa jasho, nikampa. Akaifungua, akasalimia kwa adabu, akaanza kuuliza la kwanza. Adyero akamchukua ndani kumwonyesha mashine.

Mimi nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Walizungumza saa nzima, nawasikia kupitia mlango, wanacheka, na kila baada ya muda Shamirah anasema, "Hapa Mwalimu ameandika hivi." Nilingoja waniulize na mimi kitu. Mgonjwa mmoja mwenye mguu wa bandeji akakaa karibu yangu, akaniuliza kama mashine ile inauma. Nikamwambia haiumi. Nikamweleza kisa chote cha kadi, kuanzia mwanzo.